Sauti Ndefu za Chiriku

11 Februari

Wifi yangu Ticha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa cherehani zangu mbili, ile inayokwenda na ile inayosusa. Mwili ni mzima. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie sketi yake nimeshaipunguza kiuno, nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika. Kaka simuulizii, maana ukimwambia nimemuulizia atataka kujua nimekuandikia lini na kwa nini.

Ndiyo sababu barua nimeipitisha sanduku la posta la shule yako. Simu yako anapokea yeye, na akisikia ni mimi anakata. Nilibadilisha namba mara moja, nadhani akanitambua kwa kuhema. Basi nimeshika kalamu, mimi ambaye tangu niache shule naandika vipimo vya watu tu: kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Januari ilikuwa ya sare za shule kama kawaida. Kila sketi ndogo niliyoikata nilijua ingemtosha nani. Nikajikaza, nikazishona zote, na hakuna iliyorudishwa.

Wifi, nina ombi. Siku ya mazishi kaka alinizuia mlangoni mbele za watu, akasema nilimchukua Chiriku mzima nikamrudisha kwenye jeneza. Hakuna aliyemjibu, hata wewe. Sikulaumu. Nilikaa nje kwenye benchi mpaka watu wakatawanyika, nikaenda zangu kituo cha basi. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza ilikuwaje. Binti yenu alikuja kwangu likizo, akakaa siku nne, akaugua, akafa, na niliyekuwa naye ni mimi. Niruhusu nikueleze siku ile ilivyokwenda. Ukishasoma nichukie, lakini nichukie kwa jambo unalolijua.

Wifi yako,
Fundi


3 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Mama miguu imevimba kidogo, dawa anakunywa. Kaka yako yuko kazini, anasoma mita za maji mtaa kwa mtaa, anarudi viatu vimejaa matope, anavivua, anakaa. Mimi mzima.

Kuhusu siku ile, usiniandikie. Sitaki kuisoma. Si kwamba nimekasirika. Watu wengine wanadhani nimekasirika, wengine wananisifu eti nina moyo mgumu. Sina chochote, wifi. Ni kama mkono ukiulalia: unauona ni wako, unaugusa, hausikii. Naamka, napiga mswaki, naenda shule. Nimekufa ganzi na sioni ubaya wake.

Nikupe ya darasani, hayo naweza. Mwaka huu nina watoto arobaini na wanne wa darasa la kwanza. Sauti fupi za Kiingereza tumezimaliza, wiki hii tumeanza sauti ndefu. Kwetu a ni a kuanzia asubuhi mpaka jioni, haibadiliki kwa ajili ya mtu. Sasa mtoto ameshajua kusoma Kiswahili chake vizuri, unamwandikia "cake" ubaoni, anakusomea "cha-ke" bila wasiwasi wowote. "Name" anasema "na-me" na anakutazama umsifu. Inabidi umwambie kwamba hapa a inavutwa, inakuwa "ei", na ile e ya mwisho haitamkwi. Nawagawia lastiki zile ulizonikatia. Sauti fupi, mikono karibu karibu. Sauti ndefu, wanavuta.

Ninatumia sauti za Chiriku. Novemba, kabla shule hazijafungwa, nilimrekodi kwa simu kwa ajili ya darasa hili, maana ile kanda ya shule inakwenda mbio na yule Mzungu wa ndani yake anameza maneno. Chiriku anasema neno, anahesabu moyoni mpaka tatu ili darasa lirudie, kisha anasema jingine. Kwenye "gate" alicheka, sikukata. Watoto nao wakifika hapo wanacheka, kila siku, wanadhani ni sehemu ya somo. Ni wageni shuleni, hawamjui. Wanamwita dada wa spika.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia mada hii naweza kumwachia mwenzangu. Nikamwambia imo kwenye ratiba yangu, nitaifundisha. Nabonyeza, natembea kati ya madawati, narekebisha mikono ya watoto. Sisikii kitu.

Ticha


20 Machi

Wifi,

Natumaini mama ameanza kuinua miguu juu kama alivyoambiwa, ingawa najua hasikii la mtu. Huku mvua zimeanza. Paa linavuja juu ya ile cherehani inayosusa, kwa hiyo sasa imepata kisingizio.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kwa hiyo kila asubuhi anaongea darasani. Nililia, wifi. Kuna mteja nilikuwa nampima mkono, akauvuta mkono wake taratibu akaondoka, hajarudi mpaka leo.

Sitakuandikia ya siku ile kama hutaki. Niambie jambo moja tu: alirekodi mpaka wapi? Alizimaliza zote?

Fundi


14 Aprili

Wifi,

Habari za huku ni zilezile. Sketi ya mama imefika. Nilimwambia nimeinunua sokoni. Akaigeuza nje ndani, akatazama mishono, akanitazama mimi. Ameivaa siku tatu mfululizo.

Sauti ya e tumeimaliza. Walikuwa wanapiga kelele "sheep" mpaka darasa la tano wakaja kulalamika. Sasa tuko kwenye i. Nina binti mmoja hana meno ya mbele, wenzake wanamwita Mapengo. "Five" yake inatoka upepo mtupu, lakini lastiki anaivuta kuliko wote. Juzi ilimkatikia ikampiga jirani yake puani, ikabidi nisimamishe somo.

Umeuliza alifika wapi. Alifika o. Sauti ndefu ni tano, amerekodi nne. Ya tano, u, ilikuwa tuifanye Jumamosi ile aliyosafiri, asubuhi, lakini haikuwezekana. Nilimwandikia maneno kwenye karatasi ya daftari akafanye mazoezi kwako: tube, cube, tune, rule, use, huge. Begi liliporudi lilikuwa na nguo zake zimekunjwa vizuri, ndala, kitana. Karatasi haikuwemo. Uliiona?

Nataka tu kujua iko wapi.

Ticha


9 Mei

Wifi,

Mfikishie mama shikamoo yangu. Nimefurahi sketi imemkaa. Nimechelewa kukujibu, kazi ilinizidi. Timu ya mpira wa wavu imeniletea jezi zote kwa mpigo, kila mtu na namba yake mgongoni, na kepteni wao amebadilisha mawazo ya rangi mara mbili.

Karatasi sijaiona. Chumba kile nimekifagia mara nyingi, labda ilikwenda na taka. Samahani, wifi. Ila mbona unahangaika nayo, maneno si unayo kichwani? Na hiyo u si ungerekodi mwenyewe? Wewe ni mwalimu. Au mchukue mtoto yeyote mwenye sauti nzuri. Sauti ni sauti.

Hapo nimesema vibaya. Ningefuta, lakini wino haufutiki na karatasi hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Jua tu kwamba nimeona nilivyoandika.

Kaka hajambo? Hata salamu hatumi?

Fundi


28 Mei

Wifi,

Hatujambo. Kaka yako hatumi salamu. Akisikia jina lako anatoka nje kwenda kuangalia mita yetu, mita ambayo ameshaisoma.

Nilijaribu ulivyoshauri. Nilirekodi u kwa sauti yangu, neno moja moja, nikahesabu mpaka tatu kama alivyokuwa anahesabu yeye. Nikaiweka kwenye spika. Mapengo akasema, "Huyo ni wewe." Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Dada wa spika anaumwa?" Nikawaambia watoe vitabu vya hesabu.

Siku ya pili yake nikarudi kwenye o. Tangu hapo tuko kwenye o, na ukijumlisha na siku za mwanzo ni wiki ya nne sasa. Wanasema "rope" na "home" hata wakiwa chooni. Mwalimu mkuu amekuja kukaa nyuma ya darasa mara mbili. Mara ya pili aliniambia, kwa upole wake, kwamba Julai mkaguzi anakuja, na kama nitakuwa sijasogea basi darasa atalichukua mwingine, mimi niende maktaba nikapange vitabu. Nilimwelewa. Watoto hawana kosa.

Nikienda maktaba, atakayeingia atatumia kanda ya Mzungu, na Chiriku hatasikika tena. Nyumbani siwezi kumfungua. Nimejaribu, kidole hakibonyezi. Namsikia shuleni tu, kwa kuwa pale ni kazi. Na nikisonga mbele bila yeye, pia atakuwa ameisha. Nimelipindua huku na huku, jibu ni lile lile.

Usidhani nalia ninapoandika haya. Macho ni makavu. Nakueleza jinsi mambo yalivyo.

Ticha


12 Juni

Wifi yangu,

Mama namsalimu, kaka namsalimu hata kama hataki. Leo sina habari za cherehani.

Nilikudanganya. Karatasi ninayo, iko kwenye droo ya vifungo. Na si karatasi tu. U pia ninayo.

Ulinikataza nisikuandikie ya siku ile. Leo nakuvunjia agizo, kwa sababu huwezi kuipata u bila kuyapata na hayo mengine.

Alifika Jumamosi jioni. Jumapili alicheza, ingawa alikuwa amepoa, hakuongea sana, na wewe unajua hilo jina la Chiriku hatukumpa bure. Nikasema ni uchovu wa safari. Jumatatu mchana akaniambia, "Shangazi, nirekodi, mama akute kazi imeisha." Nikamkalisha kwenye kiti changu, simu nikaiegemeza kwenye nyuzi. Akasema tube, cube, tune. Baada ya tune akasema kichwa kinamuuma. Utanisikia mimi nikimjibu, "Maliza kwanza, yamebaki matatu tu, halafu ulale." Akamaliza. Use aliirudia mara mbili, sauti ilikuwa inamkwama.

Akalala. Nikamgusa, alikuwa wa moto. Nilikuwa na gauni la mtu la kukabidhi jioni ile. Nikampa dawa ya maumivu, nikarudi kwenye cherehani, nikawa najiambia asubuhi nitampeleka hospitali. Alfajiri shingo ilikuwa haigeuki. Nilimbeba mgongoni njia nzima. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, akaniuliza ilianza lini. Nikasema jana mchana. Hakunigombeza, alitikisa kichwa tu. Alikufa Jumatano, ndiyo siku mliyopigiwa simu.

Nilifikiria kuikata sauti yangu. Fundi simu wa jirani aliniambia ni kazi ya dakika mbili, yanabaki maneno sita safi. Nikampa simu, kisha nikamnyang'anya. Ningekuwa nakutumia mtoto wako huku nimejificha nyuma yake. Basi nimekutumia yote ilivyo. Iko kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu niliyoishonea ndani ya kitambaa hiki. Fumua ule uzi mwekundu, taratibu.

Ukitaka kaka asikie, asikie. Pale mlangoni alisema kweli. Miezi yote hii nilikuwa naomba kueleza nikidhani nitajitetea, na sasa nimeeleza, naona utetezi sina.

Chukua u yako. Usikubali kwenda maktaba.

Fundi


2 Julai

Wifi,

Barua yako imefika, na kitambaa kimefika salama. Mama ni mzima. Nilikaa na kitambaa kwenye mfuko wa sweta siku sita. Siku ya saba niliingia stoo ya vifaa vya michezo, nikajifungia, nikakaa juu ya magodoro ya mazoezi, nikafumua.

Nimekusikia. Nimemsikia. Ile "maliza kwanza" unaisema kwa kumbembeleza, na yeye anacheka kidogo kabla ya kusema "rule". Sijui kama unalikumbuka hilo. Nimekuandikia ili ulijue.

Sasa nami nina langu. Nilipokukataza kuniandikia ulidhani nakuchukia, au sina nguvu. Haikuwa hivyo. Nilijua nikikuuliza ilikuwaje kwako, nawe ungeniuliza ilikuwaje kwangu. Nilikwambia u haikuwezekana kurekodiwa Jumamosi asubuhi. Haikuwezekana kwa sababu aliamka kichwa kinamuuma. Aliniambia nikiwa nafunga begi lake. Mimi nilikuwa na ripoti za darasa zima za kujaza, na basi lake lilikuwa la saa tatu. Nikampa nusu kidonge, nikamwambia atalala njiani, akifika kitakuwa kimepoa. Nikampandisha. Kisha nikarudi nyumbani, nikaketi mezani, nikafurahi kwamba nyumba imetulia. Hilo ndilo nisilojisamehe, wifi, kwamba nilifurahi.

Daktari pengine angesema maumivu ya Jumamosi na ya Jumatatu hayahusiani. Labda. Lakini kaka yako aliposema pale mlangoni kwamba ulimchukua mzima, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijua hakuwa mzima, nikanyamaza. Nimekuacha ubebe peke yako miezi saba. Sikunyamaza kwa ganzi. Niliogopa, na ganzi ilipokuja nikaikaribisha.

Darasani sikuiweka u yake. Nilisimama ubaoni nikasema "tube" kwa mdomo wangu. Mapengo akauliza tena dada wa spika yuko wapi. Nikawaambia amefariki, na kwamba alikuwa mwanangu. Mmoja akauliza kama na u alikuwa anaijua. Nikamjibu ndiyo, alizijua zote tano. Wakachukua lastiki zao, wakavuta. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, atatukuta tulipofika.

Jana jioni niliwakalisha kaka yako na mama. Nikaanza na ya Jumamosi, yangu, mpaka mwisho. Ndipo nikafungua ya kwako, na kidole kilibonyeza. Mama ndiye aliyeanza kulia, nikamfuata. Nililia mpaka nikatapika, na mama ananishikilia kichwa kama mtoto. Kaka yako alisikiliza maneno yote sita. Akaniuliza kwa nini sikusema pale mlangoni.

Leo asubuhi amevaa viatu vya kazi, lakini mkoba wa kazi ameuacha kwenye kiti. Amechukua sweta moja, akaelekea kituo cha basi. Hakuaga. Sijui anakuja kwako kuomba msamaha, au anaondoka kwangu, au yote mawili. Barua hii itakuwa nyuma yake kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukiipata tayari utajua, na mimi bado nitakuwa sijui.

Simu yangu sasa iko kwangu. Kaka yako amefika hapo? Nakuuliza, wifi. Nipigie.

Ticha